Fundo Lisilokaza

Siku ya pili baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, Fundi Mizani alianza kuokota vitu visivyokuwepo. Alikutanisha kidole gumba na cha shahada kama kibano, akainama juu ya blanketi la hospitali, akaokota kitu kidogo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakikagua, kisha akakiweka pembeni mwa mto taratibu, kama mtu anayeogopa hata pumzi yake isikipeperushe. Halafu akaokota kingine.

“Unafanya nini, Fundi?” mkewe akamuuliza.

“Mawe ya mizani, ya gramu mbili. Nani kayamwaga?”

“Hakuna mawe hapa. Hili ni blanketi.”

“Usisogee. Utayakanyaga.”

“Nimekwambia hakuna mawe. Uko hospitali. Ulianguka juzi, ukavunjika nyonga, ukapasuliwa. Leo ni Jumatano.”

Fundi alimtazama kwa jicho la mashaka, kama mteja anayeambiwa bei mpya, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Kwa miaka hamsini na moja alikuwa ametengeneza mizani za watu: za wauza nyama, za maduka ya nafaka, hata zile za zahanati za kupimia watoto wachanga. Ofisi ya vipimo ilimpa leseni ya kugonga muhuri, na mizani iliyogongwa muhuri na yeye haikubishaniwa. Mkewe aliitwa Mama Stoo na mtaa mzima, kwa sababu alitunza stoo ya shule ya bweni kwa miaka ishirini na sita na hakikuwahi kupotea kijiko. Nyumbani kwao kosa lilisahihishwa papo hapo. Binti yao alipokuwa mdogo akisema “nimekuja saa nane” na saa ilikuwa nane na dakika tano, wote wawili walimgeukia kwa pamoja.

Kwa hiyo Mama Stoo alisahihisha. Fundi akisema kuna mtu amesimama kwenye kona na daftari, alimwambia hapana, ile ni stendi ya dripu. Fundi akisema wanapima watu nyuma ya pazia, wanawauza kwa kilo, alimwambia acha upuuzi, nyuma ya pazia kuna mgonjwa anaoshwa. Kila alipomsahihisha, Fundi alizidi kutetemeka, na sauti ikazidi kupanda.

“Mama, muache tu,” alisema mzee wa kitanda cha nane, aliyewahi kuwa mlinzi wa benki. “Akitaka kuniuza, aniuze. Nimekonda, hatapata kitu.”

Wodi ikacheka. Mama Stoo hakucheka. Hakuwahi kuchekewa mume.

* * *

Saa kumi jioni Fundi aling'oa dripu. Damu ikatiririka mpaka kwenye kiwiko, ikachafua shuka ambalo Mama Stoo alikuwa amelileta mwenyewe kutoka nyumbani. Muuguzi wa zamu alikuja akikimbia, viatu vikilia sakafuni. Alikuwa peke yake na wagonjwa thelathini na wanne, na uso wake ulionyesha hesabu hiyo.

“Mama, huyu baba atajiumiza. Akivuta ule mpira wa mkojo, tutarudi chumba cha upasuaji.”

“Mpeni dawa alale.”

“Daktari amekataa. Kwa umri wake, dawa ya kulaza inaweza kumzidishia. Ama mtu akae amshike, ama tumfunge.”

“Nimemshika tangu asubuhi. Nina miaka sabini na moja, mwanangu. Mikono inaniuma.”

“Basi tutamfunga kwa bandeji. Si kwa ubaya.”

Mama Stoo alitazama kitanda cha kumi na moja. Kijana aliyepata ajali alikuwa amefungwa pale tangu jana yake, na bandeji zilikuwa zimemkaza hadi vifundo vya mikono vikawa na alama nyekundu kama bangili.

“Nyinyi msimguse,” alisema. “Nitamfunga mwenyewe.”

Hakuwa na kitu cha kufungia. Akavua kilemba chake cha buluu. Ilikuwa mara ya kwanza watu wasio wa nyumbani kwake kuziona mvi zake, nyembamba, zilizolala upande mmoja. Akauma upindo wa kilemba kwa meno, akakichana katikati, na sauti ya kitambaa kikichanika ilimfanya hata mlinzi wa benki anyamaze.

Alianza na mkono wa kulia, uliotoka kung'olewa dripu. Alijua fundo moja tu lililofaa. Fundi alikuwa amemfundisha miaka mingi nyuma, walipokuwa wapya katika ndoa na yeye akimsaidia kutundika sahani za mizani. Lilikuwa fundo la duara: uzito ukivuta, halikazi wala halilegei, linabaki palepale lilipofungwa. Mafundi wengine walitumia waya. Fundi alilirithi fundo hilo kwa mwalimu wake, aliyekwisha kufa, naye alimfundisha mkewe peke yake. Mama Stoo alipenyeza kidole chake kati ya kitambaa na ngozi ya mume wake kuhakikisha damu inapita. Kikapita. Akafanya vivyo hivyo mkono wa kushoto.

Fundi aliacha kupigana. Alimtazama mwanamke huyu asiye na kilemba, mwenye nywele zilizotimka, akainamisha kichwa kwa heshima ambayo mtu humpa mgeni.

“Dada yangu,” alisema kwa upole. “Nina mke. Nakuomba, mwite mke wangu. Yeye hawezi kukubali jambo hili.”

Mama Stoo aliketi kwenye kiti cha plastiki. Hakusahihisha.

Saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, muuguzi alimtoa pamoja na wengine. Akapita barabarani kichwa wazi, akijifunika kwa mkoba, na mwanamke mmoja aliyemfahamu alivuka upande wa pili ili asimwone katika hali ile.

* * *

Asubuhi alimkuta mtu ameketi kando ya kitanda. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye shati lililokosa kifungo kimoja, hana kipimo shingoni wala sindano mfukoni. Wagonjwa walimwita Daktari wa Maneno. Alikuwa mshauri wa saikolojia, mmoja tu kwa hospitali nzima, na alikuwa akihangaika na lile fundo.

“Mama, karibu. Nisaidie. Hili silielewi.”

Mama Stoo alivuta ncha moja, fundo likafunguka lote mara moja. Mshauri akatazama vitambaa vya buluu, akatazama kilemba kipya kichwani kwa mama. Mama Stoo akatangulia kusema.

“Nimemfunga mimi. Kama ni kosa, niandike mimi. Yule binti wa zamu hana hatia.”

“Sikuja kuandika. Baba anavaa miwani?”

“Anavaa.”

“Iko wapi?”

“Nyumbani. Na mashine yake ya sikio, na saa yake, na meno yake ya bandia. Siku ya kwanza tu hapa waliiba simu ya kitanda cha tano. Nimeviweka kwenye bahasha, nimeandika jina, nimefungia kabatini.”

Alisema kwa sauti ya mtu anayekabidhi stoo iliyokamilika.

“Mama,” mshauri akasema, “haoni vizuri, hasikii vizuri, hajui saa ngapi, na akiongea maneno hayaeleweki kwa sababu hana meno. Halafu amepasuliwa, ana maumivu, na vipimo vinaonyesha ana maambukizi kwenye mkojo. Hata mimi ningeona watu kwenye kona.”

Mama Stoo aliinama, akamfunika mumewe vizuri.

“Amekuwa kichaa?”

“Hapana. Hii huwapata wazee wengi baada ya upasuaji. Akili huvurugika ghafla, na mara nyingi hutulia tukitibu kilichoivuruga. Lakini kwa sasa, anachokiona anakiona kweli. Ukimbishia unamwacha peke yake nacho.”

“Kwa hiyo nimdanganye kwamba kuna mawe?”

“Usimdanganye. Mwambie wewe huyaoni, lakini unaona kwamba anahangaika. Mwambie wewe ni nani, yuko wapi, halafu kaa naye.”

“Nikae tu?”

“Ukae tu.”

Katika maisha yake yote Mama Stoo hakuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Alikwenda nyumbani karibu mbio, akarudi na bahasha, akamvalisha mumewe miwani, akampachika mashine sikioni, akamrudishia meno, akamfunga saa. Kisha akaanza, kila nusu saa, kwa sauti aliyokuwa akisomea orodha ya mchele na maharage: “Mimi ni mke wako. Leo ni Alhamisi. Uko hospitali. Nyonga imetengenezwa. Sioni mawe, lakini naona unahangaika. Niko hapa.”

“Mama Stoo,” aliita mlinzi wa benki alasiri, “na mimi nisomee. Tangu nizaliwe hakuna aliyenisomea.”

Alimsomea.

Dawa za maambukizi ziliingia, maji yaliingia, usingizi ukaja. Jumapili asubuhi Fundi alifungua macho, akanywa chai ya hospitali funda moja, akakunja uso.

“Hawa watu sukari wanapimia nini? Kidole?”

Binti yao, kinyozi mwenye kibanda chake karibu na shule, alikuwa amekuja kumnyoa ndevu. Aliangua kicheko, kisha akalia na mashine ya kunyolea ikiwa bado inanguruma mkononi. Mama Stoo alitoka nje kwenye korido, akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka alipoweza kurudi.

* * *

Siku mbili baadaye Daktari wa Maneno alivuta kiti. Alisema watu wengi wakitoka katika hali ile hubaki na vipande vipande vya mambo, vingine vilitokea na vingine havikutokea, na wakinyamaza navyo vinawatafuna. Akamwomba Fundi aseme anachokumbuka. Mama Stoo na binti walikuwepo.

Fundi alisema polepole. Alikumbuka mtu mwenye daftari.

“Ilikuwa stendi ya dripu,” mshauri alisema. “Macho hayakuwa na miwani.”

“Nilidhani hivyo.” Fundi alitikisa kichwa, akajicheka kidogo. “Na watu wanauzwa kwa kilo?”

“Nyuma ya pazia walikuwa wakiosha mgonjwa. Ulisikia ndoo na watu wakihesabiana ili wamgeuze.”

“Eeh. Hiyo inaeleweka.” Kila jibu lilimnyoosha mgongo. Kisha akaitazama mikono yake. “Kuna moja. Alikuja mwanamke. Sura ni ya mke wangu, lakini si yeye, maana alikuwa kichwa wazi, na mke wangu hawezi. Akanifunga mikono. Nilimwambia amwite mke wangu, akakaa kwenye kiti akanitazama. Sasa, lile fundo.” Akainua vidole, akaanza kulifunga hewani, kitanzi, kuzungusha, kupitisha. “Lilikuwa fundo langu. La sahani. Nilivuta, halikukaza. Nesi gani anajua fundo langu?”

Binti alimtazama mama yake na kutikisa kichwa kwa mbali sana, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

“Nawauliza kwa sababu hilo ndilo lililo wazi kuliko yote,” Fundi alisema. “Mengine yana ukungu. Hilo naliona kama ninavyowaona nyinyi. Mama Stoo, lilitokea?”

Mshauri alimwachia Mama Stoo nafasi.

“Uliota, Fundi,” Mama Stoo alisema.

“Hata fundo?”

“Hata fundo.”

Fundi alishusha vidole. Akaviweka juu ya shuka kimoja kimoja, akatabasamu kwa adabu. “Basi hewala.”

Kwenye korido mshauri alimfuata.

“Mama, mimi nilikuta vile vitambaa.”

“Najua ulikuta. Umeoa?”

“Nimeoa.”

“Mkeo amewahi kukuangalia kama mwizi?”

“Sitamwambia. Si langu la kusema. Lakini nakuomba ujue jambo moja: pale hakuwa anakupima wewe. Alikuwa anajipima yeye.”

“Wewe una maneno mengi,” Mama Stoo alisema, “ndiyo maana wamekuita hivyo.” Akaenda zake dirisha la dawa.

* * *

Nyumbani, Fundi alijifunza kutembea na fremu ya chuma. Alikula, alilala, nyonga ilikuwa inaunga vizuri kuliko walivyotarajia. Majirani walisema amepona. Lakini Mama Stoo alimwona akishika kikombe na kukinusa.

“Hii ni chai?” alimuuliza binti.

“Ni chai, Baba.”

“Hakikisha.”

Mtu akisimama mlangoni, Fundi hakusalimu kwanza. Alimgeukia mkewe na kuuliza kwa sauti ya chini: “Yule yupo?” Akiambiwa yupo, ndipo alisema karibu. Mgeni mmoja alisikia, akacheka akidhani ni utani. Fundi naye akacheka ili kumwokoa mgeni. Mama Stoo aliingia jikoni akapiga sufuria chini bila sababu.

Wiki ya tatu alikuja muuza nyama, mteja wa zamani, amekumbatia mizani yake kifuani kama mtoto mgonjwa.

“Shikamoo, Fundi. Inanipunja, inawapunja na wateja, sijui inamtaka nani.”

“Marahaba. Peleka kwa fundi mwingine.”

“Nani mwingine? Hapa mjini nani anagonga muhuri nikalala usingizi?”

“Jicho langu limeharibika.”

“Miwani si hiyo umevaa?”

“Si la nje,” Fundi alisema.

Muuza nyama alimtazama Mama Stoo akiomba msaada. Mama Stoo alimfungulia mlango. Kule nje alimshika mkono, akasema, “Asijue mtu.” Muuza nyama akaapa, na kufikia jioni soko zima lilijua kwamba Fundi Mizani akili imemhama.

Binti alikuja Jumamosi. Walikaa kwenye ngazi za nyuma, wakichambua mchele, mama na bintiye.

“Ni wewe uliyetikisa kichwa,” Mama Stoo alisema.

“Nilitaka msigombane, Mama. Miaka arobaini na nane hamjawahi kulala mmenuniana.”

“Tulilala mara mbili.”

“Sasa ukimwambia itakuwaje?”

“Nisipomwambia inakuwaje? Umemwona anavyonusa chai.”

Binti alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa mbali sana kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Fundi alimwita mkewe mezani. Alikuwa ameweka karatasi na kalamu, na juu ya karatasi kilikuwa chuma cha kugongea muhuri, kimefungwa katika kipande cha ngozi.

“Niandikie barua,” alisema. “Mwandiko wako ni mzuri. Ofisi ya vipimo.”

“Ya nini?”

“Kurudisha leseni. Andika tarehe.”

Mama Stoo aliandika tarehe. Fundi alizungumza akitazama ukuta, kwa sauti kavu, kama anayesoma.

“Mimi niliyetajwa hapo juu narudisha leseni na chuma cha muhuri. Umeandika? Sababu ni kuharibikiwa akili.”

Kalamu ilisimama.

“Umeandika?”

“Huna akili mbovu, Fundi. Daktari alisema imetulia.”

“Daktari haishi humu kichwani. Sikiliza, Mama Stoo. Yule mtu wa daftari nilimwona kwa ukungu. Wale wa kilo, kwa ukungu. Nikielezwa, vinaondoka. Lakini yule mwanamke na fundo langu, hata sasa nikifumba macho namwona, naona upindo wa kitambaa ulivyochanika. Kama kitu kilicho wazi namna ile hakikuwepo, nitajuaje mshale unasimama kwenye sifuri? Nitamgongeaje mtu muhuri? Mtoto anapimwa kwenye mizani yangu, anapewa dawa kwa kilo zake. Andika, kuharibikiwa akili.”

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa shati safi kwa ajili ya barua hii.

Mama Stoo aliandika “kuhar”. Mwandiko wake, ulioandika maelfu ya hati za mapokezi bila kufuta, ulipinda. Akaweka kalamu chini.

“Ni mimi,” alisema.

“Wewe nini?”

“Yule mwanamke. Mimi ndiye niliyekufunga.”

Fundi hakugeuka. Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake.

“Kwa nini kichwa wazi?”

“Kilemba ndicho nilichokufungia. Kile cha buluu. Nilikichana.”

“Mkono gani kwanza?”

“Wa kulia. Ulikuwa umeng'oa dripu.”

“Ulikaa wapi?”

“Kwenye kiti cha plastiki. Cheupe. Upande wa dirisha.”

“Nilisema nini?”

Mama Stoo aliigeuza kalamu mezani. “Uliniita dada. Ukasema mkeo hawezi kukubali jambo hili.”

“Na fundo?”

“Lako. Walitaka kukufunga kwa bandeji, zinakata. Lile halikazi. Niliingiza kidole kuhakikisha damu inapita.” Alifuta uso kwa kiganja. “Halafu nikakwambia uliota. Mara mbili nilikutenda, Fundi. Ile ya pili ndiyo mbaya.”

Mabega ya Fundi, yaliyokuwa yameinama tangu hospitali, yakapanda kidogo kidogo.

“Kwa hiyo niliona,” alisema.

“Uliona.”

“Niliona sawasawa. Upindo, kiti, mkono wa kulia.” Akacheka, akalia, akapiga meza kwa kiganja mpaka chuma cha muhuri kikaruka. “Niliona sawasawa! Mpigie simu binti yako. Mwambie baba yake aliona sawasawa!”

Akaichukua ile barua, akaichana katikati, kisha tena katikati. Mkewe alimnyooshea mkono juu ya meza. Fundi hakuuona, au aliuona na kuuacha: wakati huohuo alikuwa anafungua ngozi ya chuma cha muhuri na alihitaji mikono yote miwili.

* * *

Alhamisi muuza nyama alirudi na mizani yake. Fundi aliifungua, akaisafisha, akapanga mawe, akainama mpaka pua ikagusana na kioo. Mshale ulisimama kwenye sifuri. Akagonga muhuri bila kumuuliza mtu yeyote.

“Walisema umepotea,” muuza nyama alisema.

“Nilipotea siku nne. Nimerudi. Wewe nyama yako bado ina mfupa mwingi.”

Soko zima lilicheka jioni hiyo, na Ijumaa walikuja wateja watatu. Fundi aliacha kunusa chai. Mgeni akisimama mlangoni alimkaribisha kabla ya mtu yeyote. Na kwa mkewe hakuwa na neno baya. Alimshukuru kwa chakula, akamwuliza habari za miguu yake, na siku moja alimwambia, wakiwa wawili, “Ningekuwa mimi, ningekufunga vilevile. Nimekusamehe, na si kwa mdomo tu.” Alimaanisha. Mama Stoo alimjua mtu huyu. Hakuwahi kusema asichokimaanisha.

Kwa sababu ya nyonga bado hakuweza kuinama wala kujigeuza, na asubuhi alihitaji mtu wa kumvalisha. Tangu hospitali Mama Stoo ndiye aliyemvalisha, na wakati ule, Fundi alipoamini ameota, alinyoosha mikono yake mbele kama mtoto. Sasa Mama Stoo aliposogea na shati, akashika mkono wa shati kuukunjua, mikono ya Fundi ilirudi nyuma. Ikaingia chini ya mapaja yake, ikajificha pale, na yeye akaikalia.

Wote wawili walitazama.

“Samahani,” Fundi alisema. Akaitoa. Mama Stoo akasogea, taratibu zaidi, akisema anachofanya kama alivyofundishwa: “Mimi ni mke wako. Nakuvalisha shati.” Mikono ikarudi chini ya mapaja.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tano vilevile. Daktari wa Maneno alikuja hadi nyumbani, akakaa nao, akawaeleza kwamba mwili nao hukumbuka, na una mwendo wake. Huenda ungetulia baada ya miezi. Mama Stoo alimuuliza kama kuna wasiotulia. Mshauri hakumdanganya. Akasema wapo.

Siku ya tisa Mama Stoo alijaribu kusimama nyuma yake, asimwone akija. Hilo lilikuwa baya zaidi. Fundi alipiga kelele, fremu ikaanguka, na jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

“Hakuna kitu!” Mama Stoo alijibu kwa sauti.

Fundi alikuwa anahema. Jasho limemtoka kwenye paji la uso. Alimtazama mkewe kwa macho mazuri, yaliyomjua kabisa, yaliyojaa aibu.

“Si mimi, mke wangu,” alisema. “Naapa si mimi. Ni mikono.”

“Najua.”

“Mimi nimeshamaliza. Yenyewe ndiyo bado.”

“Najua, Fundi. Usiilazimishe.”

Aliliweka shati juu ya kitanda, akalinyoosha kola. Akachukua simu, akampigia binti.

“Kabla hujafungua kibanda,” alisema, “uwe unapita hapa kila asubuhi umvalishe baba yako. Ndiyo, kila asubuhi. Usiniulize mpaka lini.”

Binti alifika baada ya robo saa, bado ana dawa ya mswaki mdomoni. Mama Stoo alitoka akasimama uani, mikono imekunjwa kifuani. Kupitia dirishani alisikia binti akisema, “Leta huo mkono, mzee, usiniringie,” na Fundi akacheka, kicheko kirefu cha mtu mwenye akili timamu kabisa.